Kinanda Kisicho na Kichwa: Siku Mbili Mjini Bunia

Wengi wetu twalijua jina la Ituri kwa habari za msitu mkubwa, za dhahabu na za vita. Leo nataka kuwasimulia habari iliyo ndogo kuliko hizo: habari ya kinanda cha santuri kilichokuwa kikiuzwa mjini Bunia, na jinsi nilivyopima moyoni mwangu, siku mbili nzima, kama ninunue au nisinunue. Kila mwenye jamaa ajuaye uzito wa fedha yake atanifahamu. Kununua kitu kizima ni shauri la mfuko tu; kununua kitu pungufu ni shauri la mfuko na la akili pia.

Ilikuwa mwezi wa Juni 2017, wakati wa likizo. Dada yangu ameolewa Bunia, nami sikuwa nimemwona kwa miaka sita. Basi nikatoka Bukoba kwa gari, nikavuka mpaka pale Mutukula, nikapita Kampala, nikashika njia ya magharibi mpaka Ziwa Albert, na huko nikapanda mashua mpaka Kasenyi, upande wa Kongo. Ziwa lile limelala bondeni, yapata mita 620 juu ya bahari, na hewa yake ni ya joto na harufu ya samaki. Bunia yenyewe iko juu ya uwanda, yapata mita 1,275. Kwa hiyo gari hupanda ukingo wa bonde kwa kujipinda-pinda, na kila ukigeuka nyuma wayaona maji yakimetameta chini kama bati jipya. Kadiri tulivyopanda, ndivyo upepo ulivyozidi kuwa wa baridi, hata mama mmoja akamfunika mtoto wake kwa kitenge.

Tulipita Bogoro, kijiji kilichoshambuliwa tarehe 24 Februari 2003, wakati wa vita vya Ituri. Hakuna aliyetuambia kwamba tumefika hapo, lakini nilijua kwa sababu abiria wote walinyamaza. Baada ya kilima kimoja mazungumzo yakaanza tena, wakisemezana juu ya bei ya maharagwe.

Bunia ni mji wa pilikapilika. Tangu mwaka 2015 ni makao makuu ya jimbo la Ituri. Barabara yake kubwa, iitwayo Boulevard de la Libération, hujaa pikipiki tangu alfajiri, na vumbi jekundu hukaa juu ya kila kitu, hata juu ya mikate. Watu hununua kwa dola za Marekani na kwa faranga za Kongo, nao hubadilisha hesabu kutoka hii hadi ile haraka kuliko mimi niwezavyo kwa kalamu. Lugha yao ni Kiswahili, chenye mwendo wake wenyewe, nami mwalimu wa Kiswahili nilikaa kimya siku ya kwanza, nikisikiliza kama mwanafunzi.

Siku ya pili shemeji alinichukua karibu na soko kubwa, kwa kijana mmoja atengenezaye simu na redio. Kibanda chake kilikuwa na upana wa hatua mbili. Hapo, juu ya rafu, nyuma ya vipaza sauti vilivyopasuka, niliona sanduku jeusi lenye pembe za chuma. Nikaomba nilione. Kijana akalifuta kwa kiganja, akafungua kifuniko, na ndani yake nikaona picha ya mbwa anayesikiliza pembe. Ndiyo chapa maarufu ya His Master's Voice ya Uingereza, na namba yake ilikuwa 102, kinanda cha kuchukulia mkononi, ambacho kiwanda kilianza kukitoa mwaka 1931.

“Iko muzima, Papa,” akasema kijana. “Inakosa kichwa tu.”

Wasomaji, neno hilo “tu” ndilo lililonigharimu usingizi.

Yafaa kwanza nieleze jinsi chombo hiki kifanyavyo kazi, kwa ajili ya vijana wasiokijua. Hakitumii umeme wala betri. Ndani ya sanduku mna kamani, utepe mrefu wa chuma uliokunjwa kama ile ya saa ya ukutani, nawe huutia nguvu kwa kuzungusha mpini. Kamani inapojikunjua huzungusha meza ndogo ya duara, nayo hubeba sahani ya santuri. Kifaa kingine chenye vizito vidogo huizuia kamani isiende mbio, ili sahani izunguke mara 78 kwa dakika, wala zaidi wala pungufu. Sahani zenyewe hutengenezwa kwa lakiri, ile nta itokayo kwa wadudu wa Bara Hindi, iliyochanganywa na unga wa mawe. Ni nzito, na ikianguka huvunjika kama chungu. Juu ya sahani husimama mkono, na mwisho wa mkono ndipo kilipo kichwa. Kichwa hushika sindano ya chuma, na nyuma ya sindano pana kiwambo chembamba, cha ulanga katika vinanda vya zamani zaidi, cha alumini katika kile cha namba 102. Sindano hutikiswa na mfuo wa sahani, nayo hutikisa kiwambo kama ngozi ya ngoma, na sauti hupita katika mkono uliotobolewa ndani mpaka katika pembe iliyofichwa sandukuni.

Sasa mwaona. Kinanda bila kichwa ni mwili wenye moyo unaopiga, lakini usio na koo.

Nikauliza bei. Kijana akataja dola 80. Mfukoni, mbali na nauli ya kurudi, nilikuwa na dola 120, na fedha hizo zilikuwa zimekwisha kupangiwa kazi: mabati ya jiko letu, ambalo mvua za mwezi Aprili zilikuwa zimeliharibu. Mke wangu alikuwa amenihesabia noti hizo mwenyewe. Lakini babangu alikuwa na kinanda kama hicho nilipokuwa mdogo, na hata sasa nikifumba macho naweza kusikia mkwaruzo ule wa kwanza kabla ya wimbo kuanza. Tamaa ina masikio marefu kuliko akili.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Basi nikaomba ruhusa ya kukipima, na kijana, kwa kuwa naye ni fundi, alifurahi. Nikaangalia kwanza kama si cha bandia, kwa maana siku hizi mafundi wa mbali huunda vinanda vya pembe kubwa ya shaba inayong'aa, wakabandika juu yake nembo ya mbwa, wakaviuza kwa wageni kama vya kale. Hiki hakikung'aa hata kidogo, nami nikamshukuru kwa hilo. Mpini wake wa asili ulikuwa umepotea, lakini mchomeleaji wa jirani alikuwa ametengeneza mwingine kwa nondo, nao uliingia vizuri. Nikatia kamani polepole. Nikaweka kipande cha karatasi kwenye ukingo wa meza, nikashika saa, nikahesabu mizunguko: 74 kwa dakika. Nikasogeza kiwiko cha mwendo, ikawa 78. Meza ikazunguka kwa dakika tatu na zaidi, muda wa kutosha upande mmoja wa sahani, bila kuchoka na bila kupiga kelele. Mwisho nikachunguza mkono kwa mwanga wa simu, kwa kuwa sehemu nyingi za vinanda hivi zilimiminwa kwa mchanganyiko wa zinki ambao, ukizeeka, huvimba na kupasuka, wala hakuna fundi awezaye kuurudisha. Mkono ulikuwa mzima.

“Na kichwa kilikwenda wapi?” nikauliza.

Kijana akatazama chini. “Papa Mwalimu, hilo utamwuliza mama mzee. Kinanda ni chake.”

Jioni ile tulikwenda kwa nyanya yake, mtaa wa Mudzipela. Alitukaribisha uani, akatupa viti, akatutilia kahawa, kisha akauliza habari za dada yangu, za watoto, na za safari, kwa utaratibu, kama ipasavyo. Ndipo aliposikia neno langu.

Marehemu mumewe alikuwa karani katika migodi. Dhahabu ya nchi ile iligunduliwa huko Kilo mwaka 1903 na Waaustralia wawili, Hannan na O'Brien, na tangu mwaka 1926 migodi ikashikwa na kampuni iliyojulikana kwa jina la Kilo-Moto. Karani aliyekuwa na mshahara wa kila mwezi aliweza kununua baisikeli, kisha cherehani, na mwishowe kinanda. Na nyumba yenye kinanda ilikuwa nyumba ya watu wote, hata ukuta wa ua haukuwa na maana jioni ya Jumamosi. Mama mzee alinitolea sahani tatu zilizobaki, zimefungwa katika shuka. Moja ilikuwa ya Ngoma, kampuni aliyoianzisha Mgiriki Nicolas Jéronimidis mjini Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, mwaka 1948; ilikuwa na ufa. Ya pili jina lake lilikuwa limefutika. Ya tatu ilikuwa ya Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Katanga aliyeimba kwa Kiswahili.

“Mwezi wa Mei 2003,” akasema, “vita vilipoingia mjini, watu wengine walikimbilia uwanja wa ndege, kwa askari wa Umoja wa Mataifa. Sisi tulishika njia ya Komanda, kwenda Beni, kwa miguu. Mume wangu hakuweza kubeba sanduku. Akafungua kichwa chake kwa bisibisi, akakitia mfukoni mwa koti. Akasema, ‘Mwizi atachukua sanduku, lakini hataimba nalo.’ Alikuwa mgonjwa tayari. Hakufika Beni. Tulimzika kando ya njia, na koti lake, na mimi katika machozi sikukumbuka kuangalia mifuko. Tuliporudi mwaka uliofuata, nyumba ilikuwa tupu, milango imeng'olewa. Sanduku hili lilikuwa limetupwa shimoni nyuma ya choo. Walilichukua, wakaona haliimbi, wakalitupa.”

Tukakaa kimya. Kahawa ilikuwa imepoa.

Kisha akanitazama usoni, akasema, “Mjukuu wangu ataka fedha ya kununua sahani ya nguvu za jua kwa kibanda chake, nami simkatazi. Lakini nakuuliza, mwanangu. Ukikichukua, utakipa sauti? Kama utakipa sauti, kichukue. Kama utakiweka juu ya kabati ili wageni wakutukuze, kiache hapa hapa. Kwa kukaa kimya, hata mimi naweza kukaa nacho.”

Usiku ule sikulala. Nilifungua daftari, nikapiga mstari katikati ya ukurasa: upande mmoja kilichopo, upande mwingine kisichopo. Kilichopo: sanduku, kamani, meza, mkono. Kisichopo: kichwa, na sindano, ambazo ni chuma cha kutumia mara moja tu, kila upande wa sahani sindano yake, la sivyo sahani huchimbwa na kuharibika. Sindano hupatikana kwa bei ndogo. Lakini kichwa? Si kila kichwa huingia kila mkono. Upana wa mdomo hutofautiana, na ule mpira wa nyuma, ukikauka, hupitisha hewa na kuiba sauti. Nilijua kwamba kitu pungufu hununuliwa kwa bei ya vipande vyake, si kwa bei ya ukamilifu wake. Tena nilijua kwamba kipande usichojua kitatoka wapi hakina bei, kwa kuwa waweza kukitafuta maisha yako yote. Kwa hesabu hizo mbili, dola 80 zilikuwa nyingi mno, na hata 30 zilikuwa bahati nasibu.

Hiyo ndiyo hesabu ya fedha. Lakini palikuwa na hesabu ya pili.

Nilikumbuka kwamba sauti za nchi ile zimezoea kusafiri. Katika mwaka 1911 na 1912 Mbelgiji Armand Hutereau alipita Uele, jirani ya Ituri kwa upande wa kaskazini, akanasa nyimbo kwa mitungi ya nta. Mitungi hiyo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Bruxelles. Mwaka 1952 akaja Hugh Tracey na gari lake lenye mitambo ya kunasia sauti, akazunguka kaskazini-mashariki ya Kongo, akawarekodi Wambuti, Wanande na Wabudu. Mwaka huo huo, huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, ndiye aliyemrekodi Mwenda Jean Bosco. Maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954 leo iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika ya Kusini. Si haki kuwalaumu watu hao; bila wao, nyimbo nyingi zingekufa pamoja na waimbaji wake, na leo nyingine zaweza kusikika kwa intaneti. Hata bibi yetu Siti binti Saad ilimpasa kupanda meli mpaka Bombay mwaka 1928 ili sauti yake itiwe katika santuri. Lakini santuri za Siti zilirudi Zanzibar, zikapigwa mbele ya watu wake. Sauti ikienda ikarudi, imesafiri, isiporudi, imehama.

Nami nilikuwa nataka kufanya nini? Kuchukua kinanda cha mwisho cha ua ule, bubu, nikakihamishe Bukoba. Nikajiuliza swali la mama mzee, na jibu la kweli halikunipendeza. Nilikuwa na kabati, na wageni huja nyumbani kwangu.

Asubuhi nikarudi kibandani. Nikamwambia kijana, “Ndugu yangu, sinunui.” Uso wake ulianguka, nami sikumlaumu, maana alikuwa amekwisha kuitumia fedha ile mawazoni. Nikaongeza, “Lakini nipe karatasi.” Nikaizungushia karatasi kwenye mdomo wa mkono, nikatia alama kwa kalamu mahali ncha zilipokutana, nikaandika juu yake namba ya kinanda, nikaitia katika daftari. Nikamwambia ya kuwa kinanda kizima kitamletea fedha nyingi kuliko kibovu, basi asikiuze kwa mwaka mmoja. Akafikiri, akasema, “Mwaka mmoja, Papa. Si zaidi.”

Mjini Kampala nilipita kwa wauzaji wa vitu vikuukuu. Wa kwanza hakujua ninachosema. Wa pili alinionyesha kichwa kilichopasuka. Wa tatu, fundi wa saa, alikuwa na viwili katika kopo la skrubu, masalio ya vinanda vilivyokufa. Nikatoa karatasi yangu. Kimoja kilikuwa kikubwa mno. Cha pili kilikaa sawa na alama ya kalamu, ila mpira wake ulikuwa mgumu kama jiwe. Akaukata, akatia pete mpya ya mpira laini. Nililipa dola 15, pamoja na kibweta cha sindano. Mabati yakapungua mawili, nami nikamweleza mke wangu habari yote tangu mwanzo mpaka mwisho. Aliposikia habari ya koti, hakuuliza tena juu ya mabati.

Kukipeleka ndiko kulikokuwa kazi. Nilimpa mfanyabiashara mmoja avukaye ziwa, lakini mwishoni mwa mwaka 2017 vita vilizuka tena upande wa Djugu, na mwanzoni mwa mwaka 2018 watu makumi kwa maelfu wakavuka ziwa kwa mashua kukimbilia Uganda. Kichwa kikakaa ng'ambo miezi mingi, kimeviringishwa katika soksi. Mwaka wa ahadi ukapita. Nilidhani kinanda kimekwisha kuuzwa.

Mwezi wa Agosti 2018 simu yangu ikalia. Ilikuwa sauti ya yule kijana, lakini hakusema neno. Aliisogeza simu mahali fulani, nami nikasikia kwanza mkwaruzo, kama mvua ya mbali juu ya majani. Kisha gitaa la Mwenda. Halafu, juu ya gitaa, sauti ya mwanamke mzee ikiufuata wimbo, nusu nyuma ya mwimbaji.

Upande wa sahani ulipokwisha, nikamwuliza kijana, “Sasa utakiuza kwa bei gani?”

Akacheka. “Papa Mwalimu, nimemwuliza mama mzee. Amesema hakiuzwi. Sahani ya jua nitaitafuta kwa njia nyingine.”

Baada ya wiki tatu nilipokea furushi lililopita mikono mingi: kilo mbili za kahawa ya Ituri, na ndani yake karatasi yangu ya kipimo, ile ile, yenye alama ya kalamu. Naitunza mpaka leo katika daftari. Ndicho kitu pekee nilichopata kutokana na kinanda kile, wala sijuti.

Basi, msomaji mpendwa, siku moja nawe ukikutana na chombo cha kale kilichopungukiwa, tia kamani, hesabu mizunguko, tazama nyufa, tenganisha bei ya kilichopo na bei ya ndoto. Ukimaliza hayo yote, uliza swali moja zaidi, lile nililoulizwa uani Mudzipela: kikipata sauti, ni nani atakayesikiliza?